Wimbo wa Filamu ya Zamani na Mjukuu Mwenye Rimoti

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga. Ujana wangu niliumalizia kwenye majumba ya sinema, na Jumapili iliyopita niliamua kumwonyesha mjukuu wangu wa miaka 17 filamu mbili nilizozipenda. Awara, filamu ya Kihindi, ilipofika kwenye nyimbo alichukua rimoti akaanza kuirusha mbele, akisema hadithi imesimama bure. Casablanca, ya Kimarekani, ambayo nilihofia ingemchosha zaidi kwa sababu watu wamekaa mezani wanazungumza tu, aliitazama yote, na walipoanza kuimba wimbo wa taifa wa Ufaransa ndani ya ile baa aliiweka simu yake chini. Naomba kuelimishwa: je, nyimbo na dansi za filamu za zamani bado zinamfikia mtazamaji wa leo, au sisi wazee tunapenda kumbukumbu zetu tu?"

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Nusu ya jibu amekwisha kukupa mjukuu wako mwenyewe bila kukusudia. Kijana yuleyule, siku ileile, mbele ya runinga ileile, ameukataa wimbo mmoja na kuupokea mwingine, na filamu zote mbili ni za enzi moja na zote hazina rangi. Kwa hiyo umri wa filamu hauwezi kuwa ndio sababu, wala ujana wa mtazamaji. Tofauti imo katika jinsi kila wimbo ulivyowekwa ndani ya filamu yake, na hasa katika jambo ambalo watazamaji wengi hawalitilii maanani: ni nani, ndani ya picha, anayeusikiliza wimbo huo.

Nieleze kwanza ninavyoliona suala lenyewe. Wimbo mzuri hauchakai upesi. Sauti ya Lata Mangeshkar, mwimbaji wa filamu za Kihindi, iliyorekodiwa zaidi ya miaka 60 iliyopita bado inamsimamisha mpita njia. Kinachochakaa ni makubaliano yaliyokuwepo kati ya filamu na watu iliyotengenezewa, yaani mambo ambayo mwongozaji hakuwa na haja ya kuyaeleza kwa kuwa kila aliyekata tiketi aliyajua. Onyesho la muziki linalotegemea sana makubaliano hayo humwacha mgeni nje ya mlango. Lile linalobeba wasikilizaji wake ndani ya picha, au linalouacha mwili wa msanii uonekane ukifanya kazi yake hadi mwisho, humpa mgeni mahali pa kukaa hata akija miaka 80 baadaye.

Casablanca iliongozwa na Michael Curtiz ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1942, vita vikiwa vinaendelea. Likumbuke vizuri tukio lililomfanya mjukuu wako aiache simu. Maofisa wa Kijerumani wamelizunguka piano la baa wanaimba wimbo wao wa kizalendo kwa kujiachia, kana kwamba wako nyumbani kwao. Victor Laszlo, kiongozi wa wapinzani wa Wanazi, anaiendea bendi na kuiamuru ipige La Marseillaise, lakini wapigaji hawagusi ala zao. Wanamtazama kwanza Rick, mwenye baa, ambaye mpaka dakika hiyo amekuwa akisema hana upande. Rick anainamisha kichwa kidogo tu, kuridhia. Hapo ndipo muziki unapoanza, na kabla sauti ya kwanza haijatoka hadithi imekwisha kugeuka. Kamera nayo haimgandi mwimbaji, bali inapita kwenye nyuso za wanywaji wanaosimama mmoja baada ya mwingine, kisha inamkuta Yvonne, msichana aliyeingia baani usiku uleule akiwa ameandamana na ofisa wa Kijerumani, na sasa analia huku akiimba. Aliyemwigiza, Madeleine Lebeau, alikuwa kweli amekimbia Ufaransa baada ya Wajerumani kuivamia mwaka 1940, na wengi wa waigizaji wadogo waliojaa katika chumba kile walikuwa wakimbizi wa Ulaya. Kijana wa Tanga hahitaji kuyajua hayo yote. Anawaona watu wanaousikia wimbo, anaona unawafanya nini, na hilo linamtosha.

Katika filamu hiyo hiyo kuna As Time Goes By, wimbo ambao watu wengi hudhani ulitungwa kwa ajili yake. Herman Hupfeld aliutunga mwaka 1931 kwa ajili ya jukwaa la Broadway, yaani kumbi za michezo ya kuigiza za New York, kwa hiyo mtazamaji wa 1942 aliusikia ukiwa tayari ni wimbo wa miaka 11 iliyopita. Ndani ya hadithi pia ni wimbo wa zamani: Ilsa, mke wa Laszlo aliyewahi kupendana na Rick, anamwomba Sam, mpiga piano wa baa, aupige kwa sababu unamrudisha Paris, na Rick amekataza usipigwe kwa sababu hiyo hiyo. Wimbo ulioingizwa katika filamu ukiwa umekwisha kuzeeka, na ambao kazi yake yote ni kukumbusha, haupotezi kitu miaka ikiongezeka. (Dooley Wilson, aliyeigiza Sam, alikuwa mpiga ngoma na hakujua kupiga piano, vidole vyake vinaigiza tu, mtu mwingine ndiye anayepiga. Sijawahi kukutana na mtazamaji aliyelalamikia jambo hilo.)

Sasa tuje kwa Awara, ambayo naona inaonewa kidogo. Raj Kapoor aliitoa mwaka 1951. Wimbo unaoijulisha, Awara Hoon, yaani mimi ni mzururaji, uliandikiwa mashairi na Shailendra, muziki wake ukatungwa na Shankar na Jaikishan, na sauti ni ya mwimbaji Mukesh, huku Kapoor akitembea barabarani na nguo zake za kimaskini akichezesha midomo. Angalia kwamba hakuna mtu ndani ya picha anayeketi kumsikiliza. Msikilizaji wa wimbo ule hakupigwa picha, kwa sababu alikuwa ukumbini, na wala hakuwa mmoja bali mamia. Mwongozaji alijua kwamba ukumbi utajaa, kwamba watu watauitikia, na kwamba wapo waliokuja kwa mara ya tatu au ya nne kwa ajili ya nyimbo tu. Huko India nyimbo za filamu zilikuwa zikisambaa kwa santuri na redio, hata mara nyingi mtu alipoingia sinema alikuwa anakutana na rafiki aliyekwisha kumzoea kwa sauti, na sasa anamwona sura.

Pwani yetu tunalijua jambo hili kwa namna yetu. Wengi waliozitazama filamu za Kihindi Unguja, Mombasa na Dar es Salaam hawakujua lugha ile, lakini nyimbo walizishika, na mahadhi yake yakaingia katika taarabu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana sana kwa kutia mashairi ya Kiswahili ndani ya mahadhi ya Kihindi. Na taarabu yenyewe ni ushahidi mzuri wa hoja yangu. Mwimbaji wa taarabu hakamiliki bila mtu anayeinuka kwenda kumtunza. Mtu huyo akiondolewa, ukabaki na mwimbaji aliyesimama wima mbele ya kipaza sauti, anayetazama kwa mara ya kwanza atauliza, kama mjukuu wako, mbona mambo yamesimama. Kosa haliko kwa mwimbaji. Awara imeletwa sebuleni ikiwa imenyang'anywa ukumbi wake, na kijana ameachwa peke yake na wimbo asioujua, katika lugha asiyoijua, akiwa na rimoti mkononi.

Sisemi kwamba kila kitu katika filamu ile kimebaki imara. Ile ndoto ya takriban dakika tisa, yenye mawingu, ngazi ndefu, moto na masanamu makubwa, iliwashangaza watu wa wakati wake kwa ukubwa wa mandhari, na leo ukubwa huo hauwashangazi waliozoea mandhari za kompyuta. Plasta inaonekana ni plasta. Binafsi bado naipenda, kwa sababu ndani ya ndoto hiyo wimbo wa Nargis, mwigizaji mwenzake Kapoor, una mtu unayemngojea, na hofu ya Raj, mzururaji anayeigizwa na Kapoor, ni hofu ya kweli. Lakini nakiri kwamba mtu akiniambia imemchosha, sibishani naye.

Ukitaka kumwonyesha mjukuu wako wimbo wa Kihindi utakaomshinda nguvu, mpe Mughal-e-Azam, iliyoongozwa na K. Asif na kutolewa mwaka 1960. Humo mna Pyar Kiya To Darna Kya, maana yake ni kwamba aliyependa ana nini cha kuogopa. Madhubala ndiye anayeonekana, Lata ndiye anayeimba, na muziki ni wa Naushad. Anarkali, mcheza ngoma wa ikulu, ameamriwa atumbuize mbele ya Mfalme Akbar, ambaye amemkataza kumpenda mwanawe, na yeye anautumia wimbo wa kumtumbuiza mfalme kumwambia usoni kwamba hataacha. Kuta na dari za ukumbi zimejaa vipande vya vioo. Mfalme anapoinua macho ili asimwone, anamkuta Anarkali anacheza juu ya kichwa chake katika kila kipande. Msikilizaji wa wimbo huo ndiye adui wake. Kila ubeti unamsukuma msichana karibu zaidi na adhabu, naye anajua, na mfalme anajua kwamba anajua. Ukiruka wimbo huo umeruka hadithi yenyewe.

Hapo kuna onyo moja. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa bila rangi, na sehemu chache, ukiwamo wimbo huu, zilipigwa kwa rangi. Mwaka 2004 ilitolewa nakala iliyotiwa rangi yote kwa kompyuta, ili iwavutie vijana. Kwa maoni yangu uamuzi huo uliizeesha filamu badala ya kuifanya mpya, kwa kuwa mshangao wa rangi kulipuka pamoja na wimbo, baada ya mtu kuzoea kijivu, ulipotea kabisa. Tafuta nakala yenye mpangilio wa awali.

Upande wa dansi una kanuni nyingine, nayo ni rahisi zaidi kuieleza. Fred Astaire, mcheza dansi wa filamu za Hollywood, alishikilia kwamba anapocheza, mwili wake wote uonekane kutoka utosini hadi kwenye viatu, na kamera isikatwe mara kwa mara. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji anaona kazi inafanyika mbele yake, haipikwi kwenye chumba cha kuunganishia picha. Katika Swing Time ya mwaka 1936, dansi ya mwisho ya Astaire na Ginger Rogers inayopanda ngazi ilirudiwa mara 47 kwa siku moja, kama inavyosimuliwa na wengi, hadi miguu ya Rogers ikatoka damu. Kijana anayecheza dansi za mtandaoni analielewa jambo hili kuliko sisi, kwa sababu naye hurudia mara nyingi ili apate sekunde 15 zisizo na kosa.

Lakini ndani ya filamu hiyo hiyo mna onyesho ambalo siwezi kukushauri umwachie mjukuu wako alitazame bila neno. Linaitwa Bojangles of Harlem. Astaire amejipaka rangi nyeusi usoni, kwa nia iliyotangazwa kuwa ni kumheshimu Bill Robinson, mcheza dansi mweusi aliyeitwa kwa lakabu hiyo. Kiufundi ni kazi ya ajabu, hasa pale vivuli vyake vitatu vinapocheza naye ukutani kisha vinashindwa kwenda sawa naye. Hata hivyo makubaliano yaliyolibeba, yaani kwamba Mzungu aliyejipaka masizi ni burudani isiyomdhuru mtu, yamekufa, na yalistahili kufa; watu weusi waliyapinga hata zama zile. Wapo wanaosema tuhukumu kwa macho ya wakati ule. Mimi naona macho ya wakati ule hayakuwa ya aina moja, na waliokuwa wakidhihakiwa hawakuulizwa.

Kwa bahati njema huna haja ya kumtazama Robinson kwa kupitia kwa mwigaji. Miaka saba baadaye, katika Stormy Weather ya mwaka 1943, Bill Robinson ndiye nyota mwenyewe, pamoja na mwimbaji Lena Horne, wanamuziki Fats Waller na Cab Calloway, na ndugu wawili wacheza dansi, Fayard na Harold Nicholas. Filamu hiyo nayo haikutakata kabisa: hadithi yake ni nyembamba kama uzi, na mna mchezo wa wachekeshaji wawili weusi waliojipaka masizi, kwa kuwa desturi ile ilikuwa imewafikia hata wao. Lakini karibu na mwisho ndugu Nicholas wanaruka juu ya meza, wanapita katikati ya wanamuziki wa bendi ya Calloway, kisha wanashuka ngazi kubwa wakirukana vichwani kwa zamu, na katika kila kipandio anayetua anatua kwa msamba, halafu anainuka bila kutumia mikono. Katika miaka yote niliyofundisha muziki wa filamu sijapata darasa lililolitazama tukio hilo likakaa kimya. Hakuna lugha ya kutafsiri, wala makubaliano ya kuyaeleza.

Jina la Lena Horne linanirudisha kwenye lalamiko la mjukuu wako kwamba wimbo unasimamisha hadithi. Katika filamu nyingi alizofanya Hollywood miaka ya 1940, hasa zile ambazo nyota wake walikuwa Wazungu, Horne anatokea, anaimba akiwa ameegemea nguzo au amesimama peke yake, kisha haonekani tena. Hazungumzi na mtu, wala hakuna anayemtaja. Kijana akiona hivyo ana haki ya kuuliza kulikoni. Sababu ni kwamba sehemu zake zilipangwa ziweze kukatwa bila hadithi kuharibika, kwa kuwa kumbi za majimbo ya kusini mwa Marekani hazikutaka kumwonyesha mwanamke mweusi kwa heshima ile. Kwa hiyo upweke wa wimbo ndani ya filamu unaweza kuwa umetengenezwa na mkasi uliokuwa ukingojewa. Mweleze mjukuu wako jambo hilo, na ninaamini ataitazama nguzo ile kwa macho mengine.

Vijana huniuliza pia kuhusu sauti za kuazima, wakiona kwamba ni udanganyifu. Kwa filamu za Kihindi ilikuwa desturi ya wazi, na waimbaji walikuwa mashuhuri kama waigizaji. Hollywood ilificha. Marni Nixon aliimba badala ya Natalie Wood katika West Side Story ya 1961 na badala ya Audrey Hepburn katika sehemu kubwa ya My Fair Lady ya 1964 bila jina lake kuandikwa kwenye filamu hizo. Kichekesho kikubwa kimo katika Singin' in the Rain ya 1952, ambayo hadithi yake ni ya msichana anayemwazima sauti nyota asiyejua kuimba: Debbie Reynolds, aliyemwigiza msichana huyo, naye aliimbiwa na Betty Noyes katika baadhi ya nyimbo. Sidhani kama jambo hili limezizeesha filamu hizo. Anayesikiliza muziki wa leo, ambao sauti yake imenyooshwa na kompyuta, hana sababu ya kuwacheka waliotumia koo la binadamu mwingine.

Mwisho nikuulize kuhusu runinga yako, kwa sababu mara nyingi filamu husingiziwa kosa la kifaa. Filamu nyingi za kabla ya mwaka 1953 zilipigwa katika umbo linalokaribia mraba. Runinga za sasa ni pana, na nyingi zimewekwa zitanue picha au ziikate juu na chini ili kioo kijae. Ikitanuliwa, Ginger Rogers ananenepa. Ikikatwa, kinachopotea ni miguu ya Astaire, yaani kile hasa alichokipigania kionekane. Acha pembeni pabaki peusi. Zima pia ule mpangilio wa kulainisha mwendo, unaofanya kila filamu ionekane kama tamthilia ya jioni. Kama unatumia diski za zamani zilizotengenezwa kwa mfumo wa runinga uitwao PAL, ambao ndio uliotumika kwetu, ujue kwamba picha 24 kwa sekunde zilikuwa zikiendeshwa 25, hivyo filamu ikakimbia kwa takriban asilimia nne, na mara nyingi sauti ya mwimbaji ikapanda kwa zaidi ya nusu ya nusutoni, yaani ya hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano. Huenda Mukesh uliyemsikia nyumbani miaka hii yote ni mwembamba kidogo kuliko yule uliyemsikia ukumbini, na kumbukumbu yako ndiyo iliyo sahihi.

Kwa kijana wako, basi, ningeanza na ngazi za ndugu Nicholas, kisha vioo vya Mughal-e-Azam, na Awara ningeirudia baadaye kwa utaratibu mwingine. Uache wimbo wake upigwe nyumbani siku kadhaa kabla, jikoni au barazani, bila kumwambia chochote, mpaka umsikie mwenyewe anauimba chinichini. Kisha muitazame filamu mkiwa wengi, waje na majirani wa rika lako waliowahi kuikatia tiketi, nao wakitaka kuitikia waitikie. Na rimoti siku hiyo, mzee wangu, ikae kwenye mfuko wa kanzu yako.